Kubeba kidogo, kusimama sana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu safari za barabarani Dodoma na Kanda ya Kati

Majibu haya ni ya mtu anayeishi Dodoma na anayezipenda barabara zinazotoka mjini hapa kuelekea Iringa, Kondoa, Singida na Morogoro. Yamekusudiwa msafiri ambaye hana haraka, mwenye gari dogo au anayepanga kukodi, na anayetaka siku zake za njiani ziwe sehemu ya likizo yenyewe.

Kwani huko katikati kuna nini cha kusimamia? Mimi kila nikipita naona pori na mibuyu tu.

Mibuyu yenyewe inatosha kukushusha kwenye gari. Simama chini ya mmoja mwezi wa Septemba, ukiwa hauna hata jani, uone shina lilivyo nene. Lakini kuna mengi zaidi ya hayo: samaki wa Mtera, mashamba ya zabibu ya Mpunguzi, michoro ya miambani ya Kolo, majaruba ya mpunga Bahi, maziwa mawili ya chumvi ndani ya mji wa Singida, soko la mahindi la Kibaigwa ambalo malori hujipanga kuanzia alfajiri.

Wengi hawayaoni kwa sababu mbili, mwendo na mzigo. Mwendo kila mtu anaujua. Mzigo ndio watu hawaufikirii. Gari likijazwa mabegi mpaka kioo cha nyuma hakionekani, dereva hataki kusimama, kwa maana kila akisimama lazima mtu mmoja abaki kulinda vitu. Aliyekaa nyuma amebanwa magoti, anachotaka ni kufika tu. Na hata mkisimama, ndoo ya zabibu mtaiweka wapi? Ukipunguza mzigo, safari inabadilika siku hiyohiyo.

Sawa, nibebe nini kwa safari ya siku tatu au nne?

Begi moja la mgongoni kwa kila mtu, saizi ya begi la shule. Ndani yake weka:

- nguo mbili za kubadilisha, ukiacha uliyovaa, na nguo za ndani za kutosha
- sweta au jaketi jepesi
- kanga mbili, au shuka moja la kimasai
- ndala (miguuni vaa raba)
- mswaki, kipande cha sabuni, mafuta ya kujipaka na dawa zako
- chaja, na betri ya akiba ya kuchajia simu
- kitambulisho na fedha

Nguo mbili zinatosha kwa sababu ya hali ya hewa ya huku. Dodoma ni kavu. Kuanzia Mei hadi Novemba mvua ni nadra sana, na upepo hauachi kuvuma. Shati ukilifua saa moja jioni kwenye beseni la gesti na kulitundika dirishani, asubuhi unalivaa. Huwezi kufanya hivyo Tanga wala Bukoba, ila hapa unaweza, na hiyo peke yake inakupunguzia nusu ya begi.

Rangi za nguo nazo zina maana. Udongo wa sehemu kubwa ya Dodoma na Kondoa ni mwekundu, na vumbi lake halichagui. Kahawia, bluu iliyokoza na kijani zinavumilia. Suruali nyeupe iache nyumbani.

Kanga naisisitiza, hata kwa wanaume. Ni taulo, maana inakauka haraka kuliko taulo lenyewe. Ni shuka la juu pale ambapo shuka la gesti halikuridhishi, na ni pazia la mtoto dhidi ya jua la kioo cha pembeni. Unaitandika chini ya mti mnapokula. Siku ya kurudi unafungia ndani yake nguo chafu, zisichanganyike na safi.

Kuna vitu ambavyo watu hubeba bure?

Vingi. Pasi. Jozi ya tatu ya viatu. Mashuka na mito kana kwamba mnakwenda kulala porini. Katoni nne za maji, wakati maji ya chupa yanauzwa kila penye kijiwe. Sanduku kubwa la barafu.

Chakula ndicho kinachonisikitisha zaidi. Familia inapika pilau usiku kucha, inajaza hotipoti mbili, halafu, bila hata kupunguza mwendo, inampita mama lishe wa Chipogoro anayeivisha wali, maharage na mchicha kwa moto wa kuni. Beba vya kutafuna: karanga, ndizi, biskuti za watoto. Mlo wenyewe uache uutafute njiani, maana ndio unaokukutanisha na watu.

Na vifaa vya gari? Navyo nipunguze?

Hapana, hapo usibane. Tairi la spea lenye upepo (likague kabla ya kuondoka, usije ukaligundua limelala ukiwa Izazi), jeki, spana inayoingia kwenye nati za tairi zako, pembetatu mbili za tahadhari, mtungi wa kuzimia moto ambao muda wake haujaisha, sanduku la huduma ya kwanza, kamba ya kuvutia na dumu la maji la lita kumi. Maji hayo ni ya rejeta, ya kunawa na ya dharura. Vyote hivi vikipangwa vizuri vinakaa chini ya sakafu ya buti na kwenye kona zake, na buti linabaki wazi.

Tunasafiri na watoto wadogo wawili. Hilo la begi moja moja si kwa wasio na watoto?

Linawafaa hata ninyi, ila hesabu inabadilika kidogo. Watoto wapewe begi moja la pamoja lenye nguo za siku zote, maana nguo zao ni ndogo na zinachafuka mara mbili zaidi. Weka pembeni mfuko mdogo wa karibu: nepi kama zinahitajika, kitambaa cha kupangusa, kikombe, kofia na dawa ya homa. Huo ukae mbele, usiingie kwenye buti.

Midoli achieni mmoja tu kwa kila mtoto. Mtoto akishuka kwenye gari baada ya saa moja na nusu, akapewa nafasi ya kupanda jiwe na kuokota matunda ya ubuyu, hakumbuki midoli. Panga vituo kwa kipimo cha mtoto mdogo kuliko wote, na hamtachelewa popote kwa sababu hamkuwa na mahali pa kuwahi.

Ni barabara ipi ya kuanzia kwa mtu mgeni?

Ya Iringa. Ni ya lami yote, ina urefu wa kilomita zipatazo 260, na vituo vyake vimegawanyika vizuri.

Ukitoka mjini, Mpunguzi haiko mbali, na hapo mashamba ya zabibu yanaanza kuonekana pande zote mbili, mizabibu ikiwa imefungwa kwenye nguzo na waya. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, kuelekea Machi na tena mwezi wa Agosti na Septemba. Wakati wa mavuno wauzaji hukaa kando ya barabara na ndoo na mabeseni. Usinunue kwa kuangalia tembe za juu tu. Shika kikonyo cha shada: kikiwa cha kijani na kigumu, zimevunwa leo au jana, kikiwa cha kahawia na kikavu, zina siku kadhaa. Inua shada na ulitikise kidogo. Zabibu zikidondoka, ziache. Ule unga mweupe juu ya ganda si dawa wala uchafu, ni wa tunda lenyewe, na ukiuona haujafutika ujue shada halijashikwashikwa sana. Hata hivyo zioshe kabla ya kula.

Baada ya hapo ni Manzase, Fufu na Chipogoro, nchi inashuka na joto linaongezeka. Kisha Mtera.

Mtera ni ya kusimama muda gani?

Nusu siku ukiweza. Bwawa lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwenye Mto Ruaha Mkuu, kwanza kabisa kwa ajili ya kutunza maji ya kituo cha umeme cha Kidatu kilicho chini yake, na baadaye likapata mitambo yake yenyewe ya megawati 80. Hapo ndipo Dodoma inapopakana na Iringa. Utaona miti mikavu imesimama ndani ya maji, na ndege wakubwa juu yake.

Wauza samaki wanakuja na mabeseni mpaka dirishani. Shuka, usinunulie ndani ya gari. Samaki wa kukaanga mzuri mguse mkiani: mkia uwe mkavu kiasi cha kuvunjika kwa vidole viwili, lakini ubavu ukiubonyeza uhisi nyama ina maji. Ukiwa mgumu kote, amekaangwa mara ya pili, yaani ni wa jana. Muuzaji ukimwomba kwa adabu atakufungulia ubavu kidogo uone. Mwombe chumvi na pilipili ya kusaga, nenda kwa mama lishe wa karibu umwombe sahani ya ugali, na kaa kivulini ule kwa mkono.

Ukuta wa bwawa na mitambo usivipige picha. Hilo linahusu pia madaraja makubwa, kambi za jeshi na Ikulu ya Chamwino.

Ukiendelea mbele, utapita Migori na Izazi kisha upande Mlima Nyang'oro, wenye kona kali na malori yanayopanda kwa gia ndogo. Usiyapite kwenye kona. Juu kule jaketi lako litaanza kazi.

Nimesikia habari za michoro ya Kolo. Inastahili safari nzima?

Inastahili, na kama una safari moja tu ya kufanya mwaka huu, fanya hii.

Toka Dodoma asubuhi kwa barabara ya Arusha, upite Makutupora na Mayamaya mpaka Kondoa. Barabara hii ilikuwa ya vumbi kwa miaka mingi. Lami hadi Babati ilizinduliwa mwaka 2018. Kolo iko mbele kidogo ya mji wa Kondoa, kandokando ya barabara kuu, na ofisi ya kumbukumbu za kale iko hapohapo. Unalipa kiingilio, unapewa risiti na mwongozaji. Usijaribu kwenda peke yako: njia ya kuelekea kwenye miamba ni ya vumbi na ina makorongo, na baada ya kuegesha gari kuna kupanda kwa miguu. Raba zako na chupa ya maji ndiyo mzigo wote unaohitajika.

Eneo hili liliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Miamba yenye michoro ni zaidi ya 150, imetawanyika kwenye milima inayotazama nyika ya Wamasai. Wageni wengi hupelekwa kwenye mitatu ya Kolo, ambayo inaitwa B1, B2 na B3. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alifanya kazi ya kuinakili michoro hii mwaka 1951.

Ukifika mwambani usiwe na pupa. Kwa dakika za mwanzo utaona madoa mekundu tu. Kaa chini, mwache mwongozaji aelekeze kwa kijiti bila kugusa, na macho yako yatazoea: pofu, twiga, halafu watu warefu wembamba wenye vichwa vikubwa kama wamefunga kitu kichwani, wengine wamepangwa kwa mstari. Ile myekundu, myembamba, inahusishwa na wawindaji na ndiyo ya kale zaidi. Myeupe, minene, ilikuja baadaye na inahusishwa na wakulima na wafugaji. Mara nyingi meupe yamepakwa juu ya mekundu, kwa hiyo ukuta mmoja una tabaka za watu tofauti waliopita hapo kwa vizazi.

Mambo matatu usiyafanye: usiguse, usimwagie maji ili rangi ing'ae, na usitumie mwanga wa kamera. Huu ukuta umevumilia jua na mvua kwa karne nyingi, na kinachouharibu haraka zaidi ni mikono. Pia kumbuka kwamba sehemu hiyo bado ni ya heshima kwa wenyeji, ambao hufanya matambiko yao pale. Ukikuta kuna shughuli, rudi nyuma mpaka uruhusiwe.

Kondoa kwenyewe kuna cha kuangalia, au ni mahali pa kulala tu?

Kuna chemchemi ndani ya mji, na kuna mandhari ya udongo. Milima ya Irangi ilimomonyoka vibaya sana, kiasi kwamba mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa kuhifadhi ardhi uitwao HADO, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye maeneo yaliyoathirika zaidi. Ukiwa njiani kati ya Kondoa na Bereko angalia makorongo mekundu yaliyopasua vilima, na angalia pia jinsi majani na miti ilivyorudi ndani yake. Kwa anayependa historia ya vita, hapa ndipo majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yalipopigana Mei 1916.

Barabara ya Singida ina nini?

Hii ndiyo barabara ya malori ya kwenda Mwanza, Rwanda na Burundi, kwa hiyo endesha kwa subira. Bahi simama uone mpunga. Mvua zikiwa nzuri mbuga yote inageuka maji na ndege wanajaa. Mbele ya Kintinku barabara inapanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni, na ukifika juu tafuta mahali salama pa kuegesha, ugeuke utazame ulikotoka. Kilimatinde, mji wa zamani ulio juu ya ukingo huo, ni wa kuchepuka kidogo na una hospitali kongwe ya misheni.

Kuanzia Manyoni nunua asali. Uliza ya nyuki wakubwa au ya nyuki wadogo wasiouma. Hii ya pili ni nyepesi, ina uchachu kidogo na bei yake iko juu. Ukikaribia Singida ni alizeti, vitunguu na kuku wa kienyeji, na kuku wa Singida wana jina nchi nzima kwa haki kabisa. Mji umezungukwa na mawe makubwa ya matale, na maziwa ya Singidani na Kindai yako palepale mjini. Flamingo huonekana kwa vipindi.

Mwenye siku tano anaweza kuunganisha yote kwa duara moja: Dodoma, Kondoa, Babati, Katesh chini ya Mlima Hanang, Singida, Manyoni, Dodoma. Ni zaidi ya kilomita 600, na lami ipo mwanzo hadi mwisho. Babati kuna ziwa lenye viboko. Karibu na Katesh utaliona Ziwa Balangida, jeupe kwa magadi wakati wa kiangazi.

Sisi tunatoka Dar es Salaam tu kwa gari, hatuna siku za ziada. Tusimame wapi?

Gairo, kwa sababu ya ubaridi na upepo wake. Kibaigwa, mkiwahi asubuhi. Na kama mna saa tatu za ziada, chepukeni Mbande muingie Kongwa.

Kongwa ina historia mbili ambazo watoto wetu wangepaswa kuzijua. Ya kwanza ni mradi mkubwa wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947. Walileta matrekta na mashine za vita zilizogeuzwa, wakakutana na mibuyu isiyong'oka na udongo ambao kiangazi unakuwa mgumu kama saruji, na mvua ambazo hazikuja walivyotarajia. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, mamilioni ya pauni yakiwa yamepotea. Ya pili ni ya fahari: kuanzia mwaka 1964 Kongwa ilikuwa kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, wa FRELIMO, ANC, SWAPO na wengine. Makaburi ya baadhi yao yako hapo. Uliza wenyeji wakuelekeze, na nenda kwa utulivu.

Msimu upi ni mzuri?

Juni hadi Septemba kwa barabara na kwa Kolo. Usiku wa Juni na Julai ni baridi na upepo wa Dodoma unapenya, ndiyo maana sweta liko kwenye orodha. Oktoba na Novemba ni joto na vumbi. Mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, na nchi inakuwa ya kijani kiasi cha kutoitambua. Hasara yake ni makorongo. Korongo lililokuwa mchanga mtupu asubuhi linaweza kuwa mto mchana, kwa mvua iliyonyesha mbali usikoona. Maji yakikatiza barabara, simama usubiri yapungue. Hakuna kituo kinachostahili kukufanya ujaribu.

Mwezi wa Julai pia, kwa kawaida, kunakuwa na tamasha la muziki wa Kigogo kule Chamwino. Kama ulishawahi kusikia ala za ilimba na zeze za mwanamuziki wa Kigogo Dk. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, basi ujue hapo unakwenda kwenye kisima chenyewe.

Malazi niweke nafasi mapema?

Dodoma mjini ndiyo, hasa kuanzia Aprili hadi Juni wakati wa Bunge la bajeti, kwani gesti na hoteli hujaa wiki nzima. Kwingineko piga simu mchana wa siku hiyohiyo. Ukifika omba uoneshwe chumba kabla ya kulipa: angalia chandarua kama hakina matundu, kitasa, na maji ya bafuni kama yanatoka. Muulize mhudumu gari linalala wapi na nani analinda.

Vipi kuhusu tochi za polisi na matuta?

Kwenye makazi ni kilomita 50 kwa saa, na vibao vipo. Endesha hivyo hata usipoona askari, kwa kuwa wanaovuka ni watoto wa shule na punda wenye madumu ya maji. Matuta na rasta viko kwenye karibu kila kijiji, na mengine rangi yake imefutika. Jioni ng'ombe na mbuzi wanarudi zizini kwa kupitia barabarani, kwa hiyo panga kuwa umefika unapolala kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Usiku barabara za huku si za kuendesha kwa starehe: malori yaliyoharibika huegeshwa bila taa. Namba ya dharura ni 112.

Nibebe fedha taslimu?

Kiasi, tena noti ndogondogo. Malipo ya simu yanapokelewa karibu kila mahali na mawakala wapo mpaka vijijini, lakini mama mwenye beseni la zabibu hapaswi kuhangaika kutafuta chenji ya elfu kumi.

Wenyeji wanapokeaje wageni wanaosimamasimama tu?

Vizuri sana, ukianza na salamu. Kwa mzee ni shikamoo kwanza, bei baadaye. Ukiwa Ugogoni jaribu "mbukwenyi" kwa watu wengi au "mbukwa" kwa mmoja; tabasamu utakalopata linafungua mazungumzo. Picha ya mtu iombe, na akikataa mshukuru uendelee. Ukikaribishwa ugali wa mtama au uwele kwa mlenda na maziwa mgando, kaa ule. Usigawe pipi kwa watoto kupitia dirisha la gari, inawafundisha kukimbilia barabarani.

Sina gari. Hizi safari si zangu?

Ni zako. Kutoka Dar es Salaam treni ya SGR inafika Dodoma tangu mwaka 2024, na mabasi ya pande zote yanaanzia stendi kuu ya Nzuguni. Kodi gari Dodoma, au nenda kwa vipande: basi hadi Kondoa, lala, kisha gari dogo au bodaboda hadi Kolo. Hapo ndipo begi la mgongoni linapoonesha thamani yake, maana unalipakata mapajani na hakuna anayekulipisha mzigo.

Nimenunua vitu njiani. Nivipange vipi ili vifike salama?

Kikapu kimoja kikubwa cha ukindu, kikiwa kitupu, ndicho kiondoke nyumbani pamoja nawe. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na kikapu kinakaa vizuri kuliko mifuko ya karatasi inayolowa.

Nunua kwa kufuata uimara wa kitu. Vitunguu na karanga unaweza kuvichukua siku ya kwanza. Vitunguu viache kwenye neti yake vipate hewa. Asali na mafuta ya alizeti, kaza kifuniko mwenyewe mbele ya muuzaji, funga chupa kwa kanga, isimamishe katikati ya viti, isilale. Ubuyu na ukwaju havina shida. Kuku wa kienyeji anunuliwe siku ya kurudi, akae kwenye tenga lenye hewa na kivuli, mpe maji kila mnaposimama. Mkaa usibebe kama huna kibali, mizani na vizuizi vya maliasili vipo.

Zabibu ziwe za mwisho kabisa, saa chache kabla ya kufika nyumbani. Ziweke tabaka mbili tu kwenye ndoo pana, tandika kanga yenye unyevu juu yake, na ziwekwe sakafuni nyuma ya kiti cha dereva, mbali na jua la kioo. Mkifika zitoe mara moja, chambua zilizopasuka mzile jioni hiyohiyo, nzima ziingie kwenye friji bila kuoshwa, muwe mnaosha za kula tu.